Naomba ushauri: wafanyakazi wanahudhuria mafunzo, lakini utendaji haubadiliki

Mleta mada:
Wanajamvi, salaam. Ninasimamia idara ya uhasibu ambayo kila mwaka hutengewa fedha za mafunzo, lakini wafanyakazi wakisharudi kutoka semina huendelea na kazi kwa namna ileile waliyoizoea. Kozi za mtandaoni wanaozimaliza ni wachache mno, na wengine husema hawana muda. Ninatamani kwa dhati wakue kitaaluma, si kukusanya vyeti tu. Nianzie wapi?

Mchangiaji wa 1:
Ndugu mleta mada, wanaposema hawana muda, waamini. Kozi ikiongezwa juu ya majukumu yaleyale bila kupunguza chochote, mtu atasoma usiku akiwa amechoka, au hatasoma kabisa. Mwaka 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 140 kuhusu likizo ya masomo yenye malipo, ambao unaitambua likizo hiyo kuwa ni ya ndani ya saa za kazi. Hata kama huna mamlaka ya kutoa likizo, unaweza kutenga saa chache katika ratiba ya wiki na kuzilinda hata kazi nyingine zinapobana. Hapo ndipo wasimamizi wengi hulegeza.

Mchangiaji wa 2:
Naunga mkono, ila muda peke yake hautoshi. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika majaribio ya kumbukumbu aliyojifanyia mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba mambo yaliyokaririwa husahaulika kwa kasi kubwa mwanzoni yasiporudiwa. Kwa hiyo, kabla mtu hajaenda semina, kubalianeni ni kazi gani ataifanya kwa ujuzi huo, kwa mfano kufunga hesabu za mwezi kwa programu mpya, na akabidhiwe mara tu anaporudi. Asipoipata, fedha ya semina imepotea.

Mleta mada:
Nashukuru sana. Nifanyeje kwa wale wakongwe wanaoona kwamba kujiandikisha kozi ni kukiri kuwa hawaijui kazi?

Mchangiaji wa 2:
Wape nafasi ya kufundisha. Mhasibu aliyezoea kugundua makosa kwenye vitabu vya hesabu ana ujuzi ambao semina nyingi hazina, na akiombwa kuwaelekeza vijana, naye ataona wepesi kuwauliza kuhusu programu mpya. Nawe jiandikishe kozi moja pamoja nao, uulize maswali mbele yao.