Matokeo kumi, ukurasa mmoja, na wenyewe ni mfu! Hii takataka anasafisha nani?

Wakuu, leo naomba nitoe povu na asije mtu kuniambia "jifunze kutafuta", hiyo nimeshaichoka. Unaandika swali lako vizuri kabisa kwenye injini ya kutafutia kama Google, yanakuja matokeo kumi, ukianza kufungua unakuta la kwanza, la pili, la nne na la saba ni maandishi yale yale neno kwa neno, mpaka kosa la tahajia wamelinakili, la tatu limekufa, la tano linakutupa ukurasa wa mwanzo wa saiti ambako ulichofuata hakipo, la sita ni maelekezo ya toleo la programu ambalo hata waliolitengeneza walishaacha kulihudumia. Na hapo umeshapita kwenye matangazo ndio ukafika.

Nianze na hizi nakala. Roboti ya injini, ile programu inayozunguka mtandaoni kukusanya kurasa, inasoma adresi, haijui habari za "ukurasa" kama tunavyojua sisi. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na adresi ya http na ya https, yenye www na isiyo na www, yenye mkwaju mwishoni na isiyo nao, ya simu inayoanzia na m, ya kuprinti, halafu njoo kwenye ile mikia sasa, alama ya kuuliza na utm sijui nini za watu wa matangazo, namba ya sesheni, panga kwa bei, panga kwa rangi, panga kwa saizi. Kiatu kimoja kwenye duka la mtandaoni kinazaa adresi kibao na zote roboti inazibeba.

Sasa kinachoniuma ni kwamba dawa ipo miaka yote. Februari 2009 Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana lebo moja, kanonikali, mstari MMOJA tu unauweka kwenye kichwa cha msimbo wa ukurasa kusema "hizi zote ni nakala, halisi ni ile pale". Mstari mmoja jamani. Kuna watu wanalipwa mshahara kusimamia saiti na huo mstari haupo, au upo lakini kila nakala inajitaja yenyewe kuwa ndio halisi (hii nimeiona kwa macho yangu nikabaki nacheka peke yangu). Na injini nazo zisijifanye safi, ile lebo wanaichukulia kama ushauri tu, wakiamua kumchagua pacha mwingine wanamchagua.

Kundi la pili ni wezi wa makala. Juni 2019 Google walisema kwa kawaida hawataonyesha zaidi ya matokeo mawili ya saiti moja pale juu. Vizuri. Ila mwizi hana shida na hilo, anafungua saiti tano zenye majina tofauti, anabandika makala ile ile kote, kwa hesabu ya injini hizo ni saiti tano, kwa wewe unayesoma ni upuuzi mmoja mara tano. Panda, sasisho la Google la kushusha makala duni, ilikuja 2011 kuwabana hawa, Machi 2024 zikaja sheria nyingine za kubana makala za kuzalishwa kwa wingi, bado unamkuta mwandishi mwenyewe kasukumwa huko chini na aliyemwibia yuko juu amejaa tele.

Haya, wafu. Naelewa kurasa zinakufa. Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, walitoa utafiti 2024, kurasa zilizokuwepo 2013 asilimia 38 hazikuwa zinafunguka tena muongo mmoja baadaye. Kufa sio kosa. Kosa ni kufa bila kusema! Seva ina namba zake za kujibu, 404 haupo, 410 umeondolewa moja kwa moja, 301 umehamia pale. Saiti ngapi zinakuandikia "samahani, ukurasa haupo" kwa herufi kubwa huku chini kwa chini seva inaijibu roboti 200, yaani kila kitu shwari? Ni sawa na kuhama nyumba ukaacha taa zinawaka na viatu mlangoni. Roboti inapita, inaona watu wapo, inaendelea kuuorodhesha.

Na wengine wanaharibu wakidhani wanatengeneza. Anataka ukurasa utoke kwenye matokeo, anaweka noindex, yaani alama ndani ya ukurasa ya kuiambia injini isiuorodheshe, halafu hapo hapo anaifungia roboti mlango kwenye robots.txt, faili la saiti linaloiambia roboti isiingie wapi. Sasa bro, roboti itaisomaje hiyo noindex kama umeikataza kuingia? Matokeo yake adresi inaweza kuganda kwenye orodha bila hata maelezo chini yake, na yeye anashangaa.

Ila walionikera kuliko wote ni wa tarehe za uongo. Makala ya zamani haijaguswa hata nukta, wamebadilisha tarehe tu, "imesasishwa leo". Kwenye nafasi za kazi hii ni dhambi kabisa, mtu anaandaa barua, anaskani vyeti, anafika mwisho anakuta dirisha la maombi lilishafungwa zamani, tangazo linaendelea kupewa tarehe mpya ili saiti ipate watu wa kubofya. Na usiniambie nichuje kwa tarehe, najua, Google wana after: na before: tangu 2019, lakini kichujio kinategemea tarehe ambayo injini imeikadiria kutoka huko huko kwenye ukurasa wa mwongo.

Zamani angalau ukikuta umekufa ulikuwa unafungua kopi iliyohifadhiwa. Google wameitoa hiyo linki 2024, baadaye mwaka huo huo wakaweka njia ya kwenda Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayohifadhi kopi za kurasa za zamani, ila mpaka ubofye vidoti vitatu na uingie kwenye maelezo ya ukurasa. Nani asiyejua atafika huko?

Najua kuna mtu atakuja na "ripoti, kuna fomu". Fomu ipo, unapesti adresi moja moja. Nimeripoti ukurasa mmoja mfu kwenye injini ninayotumia, ukatoka kweli, nafasi yake ikachukuliwa na pacha wake mwenye www. Nikaacha. Kwa nini kazi hii nifanye mimi mtafutaji bure, wakati mwenye saiti na mwenye injini wote wanaingiza hela kwa macho yangu?

Wanaosimamia saiti humu ndani njooni mjibu, hasa nyie wa kubadilisha tarehe. Mnalipwa kwa hilo au ni roho mbaya tu?