Naomba ushauri: matofali ya taka za plastiki, kikundi chetu kiko Ifakara

Kijana_wa_Kilombero:
Wakuu, habari za majukumu. Tuna kikundi cha vijana hapa Ifakara, tumepata eneo karibu na soko. Mitaro imejaa nailoni, chupa na viroba. Mvua ikinyesha maji yanaingia hadi madukani. Tunataka kuyeyusha plastiki, tuchanganye na mchanga, tufyatue matofali ya kujengea vyumba vya kupangisha. Tuna pipa, kuni na fundi wa kuchomelea wa kututengenezea kalibu. Plastiki ipi inafaa? Mchanga kiasi gani? Na je, ukuta wake unafaa nyumba ya kulala watu?

Fundi_Saruji:
Mkuu, naanza na hilo la mwisho kwa sababu linagusa uhai. Usijengee nyumba ya kulala. Plastiki hata ikiwa na mchanga inashika moto, na moshi wake unaua kabla moto haujakufikia. Tena saruji haing'ang'anii plastiki, kwa hiyo lipu itakubandukia. Fyatueni pevingi, yaani matofali ya kutandika chini: uani, mbele ya maduka, njia za waenda kwa miguu. Huko plastiki ina faida kweli, maana hainywi maji.

Mkemia_Moro:
Naunga mkono. Sasa uchambuzi wa taka, hapo ndipo kazi ilipo. Geuza chombo, tafuta pembetatu yenye namba. Chukua 2 (madumu), 4 (mifuko laini) na 5 (vizibo vingi na viroba). Mifuko laini huyeyuka kwenye nyuzijoto 110 hivi, madumu 130 hivi, namba 5 kama 160. Chupa za maji ni namba 1, zinahitaji karibu 250. Kwa joto hilo mifuko yako itakuwa imeshaanza kuharibika na kutoa moshi. Ziuzeni kwa wanunuzi wa chupa.

Namba 3 isiguse pipa kabisa! Ni mabomba ya maji na maganda ya waya. Ikipata joto inatoa gesi ya asidi inayochoma mapafu, na ikiungua inatoa sumu mbaya zaidi. Nawaomba sana, ndugu zangu, hata kipande kimoja kisipite.

Mchanga uchekechwe na uwe mkavu kabisa. Ukiwa na unyevu, mvuke utarusha uji wa moto usoni na kuacha matundu ndani ya tofali. Anzeni na fungu moja la plastiki kwa matatu ya mchanga, kwa uzito. Moto uwe mdogo. Ukiona moshi mzito umepitiliza. Fanyieni kazi nje, upepo uwe mgongoni, glavu nene na viatu vya kufunika.

Jirani_wa_Nairobi:
Salamu kutoka Kenya. Huku Nzambi Matee na kampuni yake Gjenge Makers wanatengeneza kabro za plastiki na mchanga jijini Nairobi. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtunuku kama kijana bingwa wa mazingira. Angalieni wanachouza: za kutandika chini. Na wanashindilia kwa mashine ya haidroliki. Hata jeki ya lori kwenye fremu ya chuma itawasaidia, maana tofali lisiloshindiliwa hubaki na mapovu.

Mama_Vikoba:
Tafuteni mteja kwanza, wanangu. Tandikeni mbele ya duka moja sokoni watu wakanyage na waone. Sampuli zipelekeni TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kabla ya kuomba kazi za halmashauri.

Kijana_wa_Kilombero:
Shukrani sana, wakuu. Tunahamia pevingi. Na vyumba je? Huku pumba za mpunga ni milima nyuma ya mashine za kukoboa.

Fundi_Saruji:
Hapo mna mali! Chomeeni tofali za udongo kwa pumba badala ya kuni, miti ipone. Jivu lililoungua vizuri kwa moto wa wastani, likasagwa laini, linaweza kushika nafasi ya sehemu ya saruji. Anzeni na sehemu moja kati ya kumi, mpime kwanza. Likiwa jeusi, bado lina mkaa, msilitumie.