Mgonjwa ni mama, mbona mwili unaoisha ni wangu?

Binti_Mbagala
Wadau, wakubwa shikamooni. Mama yangu anapigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani, wiki ya nne sasa. Saa kumi na moja alfajiri tuko kituoni tunagombea daladala. Tukirudi nafua, napika uji, usiku namsikilizia anavyohema. Mimi mafua nilikuwa nayasikia kwa watu. Tangu tuanze yamenishika mara tatu. Juzi usiku vikatoka vilengelenge, vimejipanga toka mgongoni hadi chini ya titi la kushoto, vinawaka utadhani nimemwagiwa maji ya moto. Jirani kasema mkanda wa jeshi. Wifi alipoviona alinyamaza, kisha akauliza taratibu, "Umepima?" Nimepima, sina virusi vya Ukimwi. Kweli mawazo tu yanaweza kumfanya mtu hivi?

Nesi_Mstaafu
Marahaba mwanangu, pole. Wifi hakukosea, kwa kijana mkanda wa jeshi ni sababu ya kupima. Ila virusi vyake ni vya tetekuwanga ya utotoni, vimelala kwenye mishipa ya fahamu miaka yote. Kinga ikilegea vinaamka. Mawazo ya muda mrefu huilegeza. Mwili humwaga kotisoli, homoni ya kuituliza kinga isizidishe moto, lakini ikimwagwa kila siku seli huizoea, haziitii tena, na kinga huvurugika. Mwaka 2002 mtafiti Gregory Miller na wenzake walipima damu ya wazazi wanaouguza watoto wenye saratani: seli zao zilikuwa haziitii kotisoli kama za wazazi wenye watoto wasio wagonjwa. Na mtafiti mwingine, Janice Kiecolt-Glaser, kule Ohio, Marekani, 1995, alionyesha wanawake wanaouguza ndugu waliopoteza kumbukumbu hupona kidonda kidogo cha mkono siku 9 nyuma ya wenzao.
Sasa wahi hospitali leo. Dawa yake, asaikloviri, inataka ianzwe ndani ya saa 72 tangu vilengelenge vitoke. Vifunike, nawa mikono kabla ya kumgusa mama, maana kinga yake ndiyo ya kuogopewa zaidi.

Kaka_wa_Temeke
Ndugu zako wako wapi? Nilipomuuguza mzee, kaka zangu walituma elfu ishirini na "Mungu akutie nguvu". Nikawaambia hela baki nazo, njoo ulale hapa Ijumaa na Jumamosi.

Binti_Mbagala
Asante mama nesi. Hapa niko foleni ya daktari, wifi kabaki nyumbani. Mama aliniuliza khanga mbili kifuani joto lote hili za nini. Nimemwambia nimeungua na mafuta ya maandazi.