Scindia alihama chama, au alihamisha serikali?

Wakuu, suala lililo mezani ni hili: mwanasiasa wa India Jyotiraditya Scindia alipotoka chama cha Congress kwenda kwa wapinzani wao, BJP, Machi 2020, alitumia haki yake au aliwasaliti wapiga kura wa jimbo la Madhya Pradesh, ambako serikali ya Congress ilianguka? Wanaomtetea wanasema chama si ndoa, na kwamba wananchi walishamsafisha kwa kura. Mimi nampinga, ila si kwa ile sababu ya kila siku kwamba ni kigeugeu.

Kuhama kwenyewe simlaumu. Bibi yake, Vijaya Raje, alianzia Congress akaishia BJP. Baba yake, Madhavrao, alianzia Jana Sangh, chama kilichotangulia BJP, akafia Congress. Naye Jyotiraditya alikuwa na kinyongo cha haki. Mwaka 2018 alizunguka jimbo zima kuomba kura, Congress ikapata viti 114 kati ya 230 vya bunge la jimbo, kisha uwaziri kiongozi, yaani ukuu wa serikali ya jimbo, akapewa Kamal Nath. Aliyenyimwa nafasi anaruhusiwa kuaga.

Kinachoniuma ni namna alivyoaga. Tangu 1985 India ina sheria ya kumvua kiti mbunge anayehama chama, na chimbuko lake ni vurugu kama za 1967, pale Gaya Lal wa Haryana alipobadili chama mara 3 ndani ya wiki 2. Leo njia ya kuhama na kiti chako ni theluthi mbili ya wabunge wa chama wakubali kuungana na chama kingine. Theluthi mbili ya 114 ni 76. Upande wa Scindia walikuwa 22. Basi hawakuhama, walijiuzulu. Walikuwa wamepelekwa Bengaluru, katika jimbo lililokuwa likitawaliwa na BJP wakati huo, mbali na wenzao. Viti vilipobaki wazi, idadi inayohitajika kuunda serikali ikashuka, na BJP yenye wabunge 107 ikajikuta juu. Machi 20 Kamal Nath aliachia ngazi. Siku 3 baadaye akaapishwa Shivraj Singh Chouhan wa BJP. Hakuna mwananchi hata mmoja aliyekuwa ameulizwa.

Najua jibu lenu: waliulizwa Novemba, katika uchaguzi mdogo wa viti 28, na BJP ikachukua 19. Ni kweli, tena siwezi kusema mpiga kura alilala, maana Imarti Devi, mmoja wa wale 22, aliangushwa kule Dabra akiwa waziri. Lakini hebu litazameni hilo neno "waziri". Kadhaa kati ya waliojiuzulu walipewa wizara kabla ya kurudi kwa wananchi, wakaenda kuomba kura wakiwa tayari ni serikali. Huyo mpinzani wao alishindana na mgombea, au na dola?

Na Scindia mwenyewe? Mwaka 2019 wananchi wa Guna, eneo lake la uchaguzi, walimnyima ubunge wa taifa kwa tofauti ya kura zaidi ya 100,000. Baada ya kuhama aliingia Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la taifa, ambako wanaopiga kura ni wabunge wa jimbo. Julai 2021 akawa waziri wa usafiri wa anga. Wale 22 waliweka viti vyao rehani; yeye hakuweka chochote. Alirudi kwa wananchi wa Guna mwaka 2024, akashinda kwa zaidi ya kura 500,000, na hapo ndipo mnaposhangilia. Lakini muhula wa lile bunge la jimbo ulikuwa umekwisha tangu 2023. Kura ya Guna ilimpa kiti. Haiwezi kusema kwa niaba ya jimbo zima lililobadilishiwa serikali.

Pendekezo langu: anayejiuzulu katikati ya muhula na kujiunga na chama kingine agombee tena akitaka, kama Mahakama ya Juu ya India ilivyoruhusu katika shauri la wabunge wa jimbo la Karnataka mwaka 2019, lakini asishike wizara yoyote mpaka muhula wa bunge aliloliacha uishe. Sharti hilo limguse pia kiongozi wao anayeingilia baraza la juu, hata kama hakuwa na kiti cha kuacha. Anayepinga anieleze: kama uwaziri ungekuwa haupo mezani, wangapi kati ya wale 22 wangepanda ndege kwenda Bengaluru?