MREJESHO: Zeolaiti A kutoka kaolini ya Pugu imepatikana!

Wakuu, nimerudi. Kwa wageni: zeolaiti A ni madini yenye vitundu vidogo sana yanayolainisha maji magumu, na kaolini ni ule udongo mweupe wa Pugu, karibu na Dar es Salaam. Niliuliza kwa nini kaolini ya Pugu, nikiichoma kwa nyuzi 700 kisha kuipika na kostiki soda, inanipa sodalaiti (madini ya jamii hiyo, ila vitundu vyake ni vidogo zaidi) badala ya zeolaiti A. Mkasema naipika kupita kiasi. Kweli kabisa! Safari hii rojo nimeliacha lilale usiku kucha bila moto, halafu nikalipika kwa muda wa saa 4 tu kwa nyuzi 90. Zamani nilikuwa napika kwa saa 24. Kipimo cha eksirei, kinachotambua madini kwa pembe ambazo miale inarudi kwa nguvu, kimeonyesha kilele cha zeolaiti A kwenye pembe ya nyuzi 7.2, na kile cha 14.1 cha sodalaiti kimetoweka. Kwenye hadubini ya elektroni nimeona vijichemraba vidogo mno, kingo zimenyooka kama vimekatwa kwa wembe. Nilivitazama muda mrefu, jamani. Aliyesisitiza niioshe zeolaiti mpaka pH (kipimo cha asidi na alkali) ishuke karibu na 9, asante sana ndugu yangu. Sasa naijaribu kwenye maji magumu ya kisima.