Mrejesho: kile kimashine cha umeme kwa mkono wa bi mkubwa

Wakuu, salaam. Niliuliza kama kushtua mishipa ya fahamu kwa umeme kunaweza kumsaidia bi mkubwa (miaka 71, kiharusi, mkono wa kulia mzito) ajifunze upya kushika kijiko na kufunga vifungo.

Tulienda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Jibu lake la kwanza lilinikata maini: umeme peke yake haufundishi mkono. Unabandikwa pedi chini ya kiwiko, msuli unakaza, na papo hapo mgonjwa mwenyewe anajitahidi kufungua vidole. Asipojitahidi, ni kutekenywa tu. Kabla ya yote aliuliza kama mama ana betri ya moyo. Hana.

Ile mashine ya kupandikizwa kifuani, waya ukaenda kwenye mshipa wa fahamu uitwao vagasi shingoni, aliyoitaja mdau mmoja, ipo kweli. Marekani waliiidhinisha 2021. Katika utafiti wa watu 108, waliopata umeme pamoja na mazoezi, asilimia 47 walipiga hatua ya maana. Waliofanya mazoezi bila umeme, asilimia 24. Lakini ni upasuaji, nikaachana nayo.

Sasa ni wiki ya saba ya pedi na mazoezi. Kijiko anashika, tonge la ugali bado linamshinda. Vifungo hataki hata kuvisikia, anavaa dera. Anachopenda ni kuchambua mchele, huko hachoki kurudia. Pedi zimeanza kuisha gundi, nyie za kubadilishia mnanunua wapi?