Mrejesho: mkwaruzo wa mashine ya kinyozi
Wakuu, asanteni mlionijibu kuhusu kinyozi aliyenikwaruza kisogoni kwa mashine hadi damu ikatoka, nikahofia VVU. Kesho yake nilikwenda kituo cha afya. Daktari alikiangalia kidonda, kilishakauka, kama alama ya kucha tu. Akasema dawa kinga ya VVU huanzwa ndani ya saa 72 na humezwa siku 28, ila kwa mkwaruzo ule haikuhitajika. Kilichomshughulisha zaidi ni homa ya ini aina ya B, maana virusi vyake huweza kudumu nje ya mwili siku 7 au zaidi. Hilo hata mmoja wenu hakunitajia! Nimepimwa, sina, na chanjo nimeshaanza. Mashine ya kunyolea nimenunua yangu.